Mzani Ulivyoniokoa Wilson

Mtu wa saba alikaa kiti cha nyuma, kofia imemfunika macho, na hakuna aliyemjua. Rubani alidhani ni wa familia iliyokodi ndege. Familia ikadhani ni wetu. Ukweli ulijulikana walipotua Maasai Mara na jamaa akashuka, akashukuru, akaenda zake: fundi wa jenereta aliyeomba lifti kwa kijana wetu wa mizigo. Mashine ya ukaguzi ilikuwa imempitisha kama wengine, hana hata wembe. Lakini orodha niliyosaini mimi ilikuwa na majina sita, na usiku ule sikulala.

Mimi hupanga safari za ndege za kukodi Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, pale Barabara ya Lang'ata. Kwenye ndege kubwa abiria hawajuani, kwa hiyo kila mtu huulizwa ni nani. Kwetu kila abiria ni mtu wa fulani, basi haulizwi.

Nilianza kwa ukali. Nikabandika tangazo: bila kitambulisho hakuna safari. Haikupita wiki, mzee mmoja akanikazia macho. "Binti, unanidai kitambulisho mimi? Ndege si nimelipa mwenyewe?" Akampigia bosi, bosi akanipigia mimi, tangazo likabanduliwa.

Kilichoniokoa ni mzani. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na Caravan, ndege yetu ndogo, haifai kuruka ikiwa na uzito unaozidi takriban tani 4, mafuta na watu wote ndani. Hilo hata mheshimiwa habishani nalo. Basi ukaguzi wote nikauhamishia mzanini: unapanda na begi lako, nasoma jina kwenye kitambulisho, naandika kilo mbele ya jina. Asiye na jina hana kilo, na asiye na kilo rubani hambebi. (Kina mama hawakufurahi. Nikaugeuza mzani, namba nikawa naziona mimi peke yangu.)

Bastola zilinisumbua zaidi. Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kilichopitishwa mwaka 1974 na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri huo, kinataka silaha ya abiria ihakikishwe haina risasi, kisha iwekwe mahali ambapo hakuna anayeweza kuifikia ndege ikiwa angani. Mfanyabiashara mmoja akanionyesha leseni yake. Nikamwambia, "Mzee wangu, hii ni ya kuimiliki, si ya kukaa nayo kule juu." Akanuna. Bastola ikasafiri kwenye boksi la mizigo lililo chini ya tumbo la ndege, naye akakaa juu yake bila kuifikia.

Yule mzee wa tangazo siku hizi hufika kitambulisho kikiwa mkononi, anapanda mzani, ananong'ona kuuliza kama amepungua.

Kinachonishinda bado ni vifurushi vya "mpelekee tu shangazi". Nimesema aliyefunga ndiye afungue mbele yangu. Ijumaa iliyopita bodaboda alileta katoni injini ikikaribia kuwashwa. Mwenyewe hayupo, simu yake haipatikani. Nikaikataa. Ndege ikaenda Lamu bila hiyo katoni, na jioni nikaambiwa ndani mlikuwa na keki ya harusi.