Tuta la Reli na Watu Waliopotea

Baba yangu alifanya kazi katika kikosi cha kukarabati reli, nasi watoto wake tulikulia Landi Mawe, mtaa wa Nairobi ambao asubuhi zake zilianza kwa mlio wa mabehewa yakigongana stesheni. Siku zake za mapumziko alinichukua tukatembea kandokando ya njia, na kabla hajaniruhusu kukanyaga hata taruma moja, yaani kipande kinacholazwa chini ya reli kuibeba, aliniambia nitazame mgongo wa reli. Reli inayong'aa kama kisu kilichonolewa ina treni. Reli iliyovaa kutu, majani yakiwa yameota katikati yake, imelala. Miaka mingi imepita na bado sijasikia somo la usalama lililo fupi na la kweli kuliko hilo, ingawa mimi huongeza kwamba hata reli iliyolala inaweza kuamshwa siku yoyote, kwa hiyo mtu aombe ruhusa ya wenye reli na atembee pembeni.

Jumamosi nyingi siku hizi huondoka Nairobi alfajiri kwa matatu hadi Limuru au Uplands, nikatafuta vipande vya tuta la zamani, ule msingi ulioinuliwa wa kulazia reli, vilivyoachwa njia ilipopindwa na kupitishwa penye mteremko nafuu zaidi. Hata mjini kwenyewe vipande hivyo vipo, ila vimefunikwa. Anayekwama katika msongamano wa magari kwenye barabara ya Uhuru Highway amekaa juu ya njia ya treni bila kujua, kwa kuwa hapo ndipo reli ya kwanza ya kwenda Bonde la Ufa ilipopita kabla ya kuhamishiwa upande wa Kibera.

Huko juu kwenye ukingo wa Bonde ndiko watu hupotea, na ndiko nilikozoea kuwakuta. Wanatoka mjini wakiwa na simu yenye ramani, chupa ya maji na viatu vipya. Ukungu wa mwezi wa Julai ukishuka, miti ikizuia mawasiliano na betri ikaanza kuisha, wanajikuta kwenye vijia kumi vinavyofanana. Vingi vimefanywa na mbuzi na wachanja kuni, navyo vimekanyagwa kuliko tuta lenyewe, ambalo limefunikwa na nyasi na majani makavu. Kwa hiyo mgeni huacha njia inayofika mahali akafuata ile inayoonekana kwa macho, ambayo huishia kwenye kisiki.

Sababu ya kulitegemea tuta ni ya kihandisi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi mlima ukizidi, na ndiyo maana waliochora njia hii walijibana kwenye mwinuko wa takriban mita 2 kwa kila mita 100, wakapasua vilima na kujaza mabonde ili injini isichoke. Mtu aliyechoka hufaidika na hesabu hiyohiyo. Tuta halimtupi mtu gengeni ghafla, halimpandishi kwa mikono na magoti, kila kijito hupita chini yake kwenye kalvati, yaani mfereji uliojengwa kupitisha maji, na mwisho wake, upande wowote atakaoshika, pana stesheni au mahali ambapo stesheni ilikuwa. Ukiona safu ya mikaratusi mikongwe msituni, sogea uangalie, kwa maana mti huo ulipandwa kwa wingi ili kuni zake zilishe injini za mvuke.

Mwaka jana, alasiri ya saa tisa, nilisikia mtu akipiga mluzi chini yangu kwenye ukungu, kati ya Uplands na Kijabe. Niliitikia, nikashuka polepole, nikawakuta wanafunzi wanne wa chuo wameshikilia mizizi ya mti kwenye mteremko uliolowa. Mmoja wao, binti mwembamba aliyevaa sweta ya kijani, alikuwa ameteguka kifundo cha mguu.

"Mzee, samahani, tumepotea," akasema. "Tunasikia magari, lakini kila tukishuka hatuyafikii."

Walikuwa wakiifuata sauti ya malori ya barabara ya Mai Mahiu. Sauti hiyo hufika juu kana kwamba barabara iko hatua mia moja tu, ilhali katikati kuna majabali, miiba na makorongo ambayo hata mchungaji wa kule huyazunguka. Sikuwakemea. Mtu aliyepotea amekwisha kujikemea vya kutosha, na ukimwongezea hofu hasikii tena unachomwelekeza. Nilimfunga yule binti mguu kwa leso niliyokuwa nayo mkobani, nikawaambia, "Wanangu, tunapanda kwanza. Njia yenu iko juu yenu, si chini."

Yule kijana mkubwa wao hakupenda. Saa zilikuwa zinakwenda, na kupanda wakati unataka kuteremka huonekana ni upotevu wa nguvu. Tulipanda kama dakika ishirini, tukatokea kwenye sehemu tambarare yenye upana wa chumba, imejaa majani. Wakaniuliza njia iko wapi. Niliinama nikafagia majani kwa kiganja, chini yake pakatokea kokoto za ukubwa mmoja, zenye ncha, za jiwe jeusi lisilofanana na udongo mwekundu wa pale. Nikafagia tena mbele kidogo, tukaona mifereji iliyolala sambamba kama vidato vya ngazi, alama za mataruma ya chuma yaliyokwisha kung'olewa. Binti aliweka mguu wake mzima kwenye alama moja, kisha kwenye iliyofuata, akanyamaza.

Niliwafundisha jambo moja tu la kukumbuka: bonde likiwa mkono wa kushoto, unaelekea Kijabe, likiwa mkono wa kulia, unarudi Uplands. Ukungu ukificha bonde, sikiliza malori. Kutoka hapo tulitembea pamoja hadi mwisho. Kumwonyesha mtu kwa kidole na kumwacha aende hakutoshi, kwa sababu kwenye njia panda ya kwanza ataanza upya kubahatisha, na giza huko huingia mapema kuliko mjini.

Tulipumzika kwenye kalvati moja ya mawe yaliyochongwa, maji yakidondoka kutoka kwenye tao lililoota ukoka. Hapo niliwaeleza kwamba reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, ikakutana na ukingo huu, na ili kazi isisimame wajenzi wakawa wanateremsha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye mteremko mkali, hadi njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901, mwaka uleule reli ilipofika ziwani Kisumu. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 miongoni mwao walikufa kabla kazi haijaisha. Mimi siwezi kupita juu ya jiwe lililochongwa kwa mkono bila kuwafikiria watu hao.

Kinachoniuma ni kwamba mawe hayo yanaondoka. Mwaka hadi mwaka nakuta kalvati iliyobomolewa, kokoto zimezolewa kwa lori, na uzio umekata tuta katikati. Uingereza ilifunga maelfu ya kilomita za reli baada ya ripoti ya Beeching ya mwaka 1963 iliyopendekeza njia zisizo na faida zifungwe, lakini baadhi ya njia hizo leo ni za watembeaji. Ile iitwayo Monsal Trail, kule Derbyshire, ilifungwa kwa treni mwaka 1968, na mwaka 2011 mahandaki yake yakafunguliwa kwa watu wa miguu na baiskeli. Vipande vyetu vya zamani vingehitaji vibao vichache, nyasi zikatwe, na kalvati zilindwe. Vijana wa vijiji vya kule, wanaoijua ardhi kuliko mimi, wangekuwa waongozaji wazuri wenye ujira wao.

Tulifika Kijabe mwanga ukiwa bado upo kidogo, wakapanda matatu ya kurudi Nairobi. Mwezi wa Septemba yule binti alirudi, mguu umepona, akaniomba atangulie yeye. Ukungu ulitukuta tena karibu na palepale. Alisimama kwenye vijia vitatu, akavitazama kimoja kimoja, nami nikajizuia nisiseme neno. Alipiga magoti, akafagia majani kwa kiganja, akaokota kokoto moja nyeusi na kunionyesha.

"Tuko juu yake, baba," akasema, akaliweka bonde mkono wake wa kushoto, akaendelea kutembea.