Kiwiko cha mpwa wangu

Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka 12 alirudi kutoka uwanjani akiwa ameshika kiwiko cha kulia, na nilipomuuliza alinijibu, “Mjomba, hakiumi, kimechoka tu.” Yeye ni mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, katika timu ya besiboli ya watoto hapa Lugazi, mji wa Uganda ambao mwaka 2012 ulipeleka Marekani timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, na mtoto wa hapa haiachii nafasi hiyo kwa urahisi. Kocha alikuwa amempaka dawa ya kuchua, basi.

Nilipobonyeza kifundo cha mfupa kilicho upande wa ndani wa kiwiko, aliruka. Hapo ndipo inapojishikiza kano inayozuia kiungo kufunguka mkono unapofyatuka, pamoja na misuli ya kigasha inayoisaidia kano hiyo kubeba mzigo. Kwa mtu mzima, kinachochakaa na kukatika ni kano yenyewe, kama ile ambayo daktari Frank Jobe aliijenga upya mwaka 1974 katika mkono wa mrushaji Tommy John. Kwa mtoto, kano huwa imara kuliko tabaka la gegedu, yaani mfupa laini, linalounganisha kifundo na mfupa wa mkono, kwa kuwa tabaka hilo bado linakua. Kila mrusho hulivuta, nalo huuma, na likiendelea kuvutwa kifundo chaweza kunyofoka. Upande wa nje mifupa hugandamizana, na huko ndiko ninakokuogopa zaidi, kwani kipande cha gegedu kikimeguka kiwiko huanza kukwama.

Kanuni za Little League humruhusu mtoto wa umri wake mirusho 85 kwa siku, na akifikisha 66 hupumzika siku 4. Kocha wetu huhesabu kwa uaminifu, lakini huhesabu mechi tu. Mazoezi ya jioni hayamo katika hesabu hiyo, wala mawe ambayo watoto hawa huyarushia maembe njia nzima ya kurudi nyumbani.

Picha ya eksirei haikuonyesha kifundo kilichohama, na daktari alimkataza kurusha chochote kwa wiki 6. Sasa hukaa pembeni mwa uwanja na daftari, akihesabu mirusho ya wenzake. Juzi aliniambia kwamba mmoja wao alikuwa amefikisha 71 kabla mechi haijaanza.