Baba na majina pembeni ya Ayubu

Msibani walimsifu mzee wetu mpaka nikawa najiuliza wanamwongelea nani. Mtumishi, nguzo ya kanisa, shujaa wa imani, halafu mchungaji akasoma 2 Timotheo 4, lile la vita vizuri na mwendo kuumaliza, andiko ambalo kwa kweli ni kama sare ya misiba yetu. Sikatai, ila baba ninayemjua mimi alikuwa mtu wa nyumbani kwanza, kanisa lilikuja baadaye, na nadhani yeye mwenyewe angependa hilo lisemwe.

Tulipokuwa wadogo aliombwa uzee wa kanisa akakataa, wakarudi tena akakataa, watu wakaanza kunong'ona eti amepoa kiroho. Yeye hoja yake ilikuwa 1 Timotheo 3, pale Paulo anapouliza mtu asiyeweza kusimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu, basi akasema ngoja kwanza hawa wamalize shule. Alikuja kukubali mdogo wetu wa mwisho akiwa ameshaondoka nyumbani. Mimi nimeona watoto wengi wa watumishi waliomjua baba yao kupitia spika za kanisani tu, kila jioni kikao, kila wikiendi semina, kwa hiyo leo ndo naelewa ile jeuri yake ilitupa nini. Jioni alikuwepo. Sio kwamba alikuwa na stori nyingi, hata hapana, anakaa tu na wewe unafanya homwek, ukikwama anavuta kiti.

Na hasira alikuwa nazo jamani, hilo msibani hakuna aliyeligusa. Akiwaka anawaka kweli. Lakini kuna asubuhi nakumbuka alikuja mlangoni kwangu taulo bado liko begani, akasema, "Mwanangu, jana nilikusemea vibaya, sikuwa na haki, naomba unisamehe." Mtu mzima ananiomba msamaha mimi mtoto! Nikaangalia chini, sikujua hata najibu nini, akasubiri pale pale mpaka nikasema nimekusamehe baba, ndo akaenda kuoga. Mahubiri nimesikia mengi maishani ila toba niliielewa siku ile.

Sasa juzi mama kanipa Biblia ya baba niitafutie kava jipya maana lile la zamani limeachia kabisa. Nikafungua Ayubu 1, mstari wa 5, ule unaosema Ayubu alikuwa akiamka alfajiri kutoa sadaka kwa hesabu ya watoto wake wote, maana aliwaza labda wamemkosea Mungu mioyoni. Pembeni kaandika majina yetu. Yetu sisi watoto kwa penseli, imefifia kidogo, halafu chini yake jina la shemeji yangu kwa kalamu ya bluu, wajukuu kwa nyeusi, wamebanana mpaka mwisho wa ukurasa, mmoja kaandikwa wima kwa sababu nafasi iliisha. Mbele ya majina kuna maneno madogo: mtihani, homa, kazi, ndoa. Mbele ya la kwangu kuna neno limefutwa na juu yake kaandika "asante". Nimejaribu kulisoma kwenye mwanga nimeshindwa, na mama namuuliza anacheka tu, anasema hayo ni ya baba yako na Mungu wake.

Yaani ile saa tulikuwa tunasikia anakohoa sebuleni kabla hakujakucha, tunageukia upande wa pili tunalala, kumbe tunatajwa mmoja mmoja.

Kava nimelipata, Biblia imerudi kwa mama. Mdogo wangu anaitaka, mimi pia naitaka, tumeshaanza kurushiana maneno kwenye grupu la familia, na mama kaandika fupi tu: bado naisoma, nikifa ndo mgombane.