H mbili, m mbili

Majina ya wanafunzi humu nimeyabadilisha, ila ukorofi wa herufi zake nimeuacha ulivyokuwa.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa darasa la watahiniwa. Ofisi iliyokuwa ikisimamia mitihani iliturudishia orodha pamoja na barua fupi: kila jina lifanane na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na likishapitishwa halitaguswa tena, kwa maana ndilo litakalochapwa kwenye cheti cha kumaliza shule. Mkuu wa shule aliiweka barua mezani pangu, akaigonga kwa kalamu pale palipopigiwa mstari, akaenda zake. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Nikawaita mmoja mmoja ofisini, kila mtu na cheti chake mkononi.

Darasa hilo lilikuwa na Brian, Bryan na Brayan, na ukimwita mmoja wote watatu wanageuka. Katika hao, baba yake Brayan ndiye niliyemwelewa zaidi. Alilisikia jina redioni, likampendeza, akaliandika kama lilivyomfikia sikioni. Mimi huyo simlaumu hata kidogo. Mtu aliyefundishwa kusoma kwa Kiswahili anajua herufi ni ya kutamkwa, haiwekwi kwa ajili ya kupamba. Mwonyeshe Bryan, naye atakuuliza hiyo y imekaa pale badala ya nani. Jenifa na Maiko ni hivyo hivyo. Walikuja kama wageni, wakapewa uraia.

Walionichosha ni wale waliokuwa na jina safi kabisa wakaona halitoshi. Neema akawa Neymah. Furaha akawa Furahah. Zuhura, jina lililokuwa limejitosheleza tangu enzi, likaandikwa Xuhura, na binti mwenyewe akanieleza kwa subira ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi kwamba x hiyo inasomwa z. Herufi q na x hazimo katika alfabeti ya Kiswahili, na nadhani ndiyo sababu wazazi wanazikimbilia: ukitaka mwanao asifanane na yeyote, mchukulie herufi ambayo wenzake hawana. H nayo inabandikwa mwishoni hata pale ambapo jina halijaiomba.

Halafu kuna makosa ya makarani, ambayo hayana hadithi. Kalamu iliteleza, mzazi hakusoma, mtoto akakua nalo.

Mwenzangu wa hisabati alikuwa meza ya pili akisahihisha madaftari, na kila nilipotaja herufi kwa sauti alikuwa akiguna. Mwishowe akaitua kalamu.

“Wazazi kama hawa washitakiwe,” akasema.

Nikamwambia wapo waliofikishwa mahakamani. Huko Sweden kuna wazazi waliotozwa faini ya kronor 5,000 kwa sababu mtoto alifika miaka mitano hawajamsajili jina. Mwaka 1996 wakajibu mapigo: wakapeleka jina lenye herufi na tarakimu 43, konsonanti juu ya konsonanti na nambari mwishoni, wakadai linatamkwa Albin. Mahakama ikalikataa. Wakapeleka jingine, safari hii herufi moja tu, A, nayo wakasema inatamkwa Albin. Likakataliwa pia.

Akacheka mpaka akavua miwani. Nilipomwambia kwamba Iceland ina kamati ya majina, na kwamba jina lenye c linaweza kukataliwa kwa kuwa herufi hiyo haimo katika alfabeti yao, aliniambia hiyo ndiyo nchi iliyostaarabika, na Xuhura angerudishwa mlangoni.

“Na Oprah je?” nikamuuliza. “Naye ungemrudisha?”

Maana Oprah Winfrey, aliyezaliwa mwaka 1954, alipewa jina la Orpa, yule mkwe wa Naomi katika kitabu cha Ruthu. Kwenye cheti chake liliandikwa Orpah. Watu wakawa wanajikwaa, r na p zikabadilishana nafasi, na hizo zilizokosewa ndizo zilizobaki. Leo anayeandika Orpah ndiye anayeonekana hajui kuandika. Mwalimu wa Kiingereza, ambaye tulidhani hasikilizi, akaongeza kwamba hata Shakespeare hakuwa na msimamo: sahihi zake sita zilizobaki hazifuati tahajia moja. Mwenzangu wa hisabati akasema Shakespeare hakuwahi kujaza fomu ya mtihani, akarudi kwenye madaftari yake.

Hapo ndipo alipoingia Rehema.

Kwenye daftari la mahudhurio alikuwa Rehema tangu siku ya kwanza. Kwenye majalada ya madaftari yake, Rehema, kwa mwandiko mzuri wenye R iliyojikunja mkia. Cheti alikiweka mezani kifudifudi. Nikakigeuza.

Rhehemma.

Kilikuwa kimeandikwa kwa mkono. H ya kwanza wino wake ulikuwa mzito kuliko wa herufi nyingine, kama mtu aliyesita kalamu ikiwa imegusa karatasi. M ya pili ilibanwa kati ya mwenzake na a, dhahiri kwamba aliyeandika hakuitarajia.

“Hili ndilo jina lako?”

“Ndiyo, mwalimu. Lakini naomba uniandike Rehema.”

Nikamsomea barua. Akaisikiliza yote, kisha akaniomba tena niandike Rehema, safari hii kwa sauti ya chini ili walimu wengine wasisikie. Nikamwambia amwite baba yake.

Mzee alifika jioni ile ile, bado amevaa sare ya kazini. Nilitarajia mtu wa mbwembwe, mtu wa kupenda mambo makubwa. Alikuwa mpole, na kabla sijamaliza kueleza alikuwa amekwisha kutoa mfukoni bahasha ya nailoni yenye karatasi zilizokunjwa mara nyingi hadi mikunjo ikaanza kuachana.

“Mwalimu, mimi majina yangu mawili unayajua,” akasema. “Wako wangapi wenye hayo?”

Kwa kweli walikuwa wengi mno. Miaka michache kabla binti yake hajazaliwa, mmoja wao alichukua mkopo akatokomea. Makato yakaanza kuingia kwenye mshahara wa huyu. Kila ofisi aliyokwenda wanaangalia karatasi, wanamwangalia yeye, wanasema jina si ndilo hili. Karatasi zile zilikuwa barua za kwenda na kurudi za mambo hayo. Alinifungulia moja moja, akininyooshea mahali jina lilipo, na kweli ukizisoma huwezi kujua yupi ni yupi. Alipokuja kusafishwa, mkewe alikuwa karibu kujifungua.

“Nikasema huyu mwanangu hatafananishwa na mtu. Yule karani akaniuliza h inaingiaje hapo. Nikamwambia wewe andika ninavyokutajia. Nikasimama juu yake mpaka akamaliza.” Akazikunja karatasi zake. “Hizo herufi ni kufuli, mwalimu. Nani mwingine ana ufunguo wake?”

Ndipo nikaielewa ile h yenye wino mzito.

Rehema alikuwa amesimama karibu na mlango. “Lakini baba,” akasema, “mimi ndiye ninayesimama kila mahali kuzitaja.”

“Na unazitaja?”

“Sizitaji. Nasema Rehema tu.”

Mzee akamtazama kwa muda, kama mtu aliyegundua kwamba mlango aliodhani ameufunga ulikuwa wazi miaka yote. Hakumgombeza. Mimi mpaka wakati huo nilikuwa upande wa binti, na kwa sehemu kubwa bado niko huko. Mtoto hapaswi kubeba kesi ya mkopo ambao hata baba yake hakuuchukua. Ila zile barua nilikuwa nimezisoma. Kuhusu ofisi, mzee yule hakukosea hata neno moja.

Nikawaeleza njia zilizopo. Jina linaweza kubadilishwa kisheria, cheti kikarekebishwa, lakini hayo yana safari yake na orodha inatakiwa kesho. Kwa sasa cheti ndicho kinachosema. Baba akafungua mdomo, akaufunga, kisha akamwambia binti yake, “Wewe unasemaje?”

“Aandike ya kwenye cheti,” Rehema akasema. “Nikiwa mtu mzima nitaamua mwenyewe.”

“Sawa.”

“Hata nikiitoa h?”

“Nimesema sawa.”

Akaja mezani, akaweka kidole chini ya jina na kunitajia: r, h, e, h, e, m, m, a. Alizitaja haraka, bila kubabaika, kwa hiyo kumbe alikuwa anazijua vizuri sana. Midomo ya baba yake ilikuwa ikienda pamoja naye. Nilipomaliza aliisoma fomu upya, akampa baba, baba akaisoma, akanirudishia nami nikaisoma.

Vyeti vilipokuja, cha kwanza kukitafuta katika bunda kilikuwa chake. Mwenzangu wa hisabati alikuwa ameinama begani kwangu, amekwisha kuniambia watakuwa wameharibu. Rhehemma, h mbili, m mbili, kila moja mahali pake. Xuhura alikuwa salama. Neymah alikuwa salama. Brian, Bryan na Brayan walikuwa kila mtu na herufi zake. Ukifikiria si ajabu: jina la namna hiyo linamfanya hata mchapaji asimame, arudi nyuma, aangalie mara ya pili.

Aliyekosewa alikuwa Ali. Jina la herufi tatu, ambalo sisi wote tulilipita siku ile bila hata kulisoma vizuri, na kwenye orodha yetu lilikuwa sahihi. Huko lilikokwenda likaongezwa l, akarudi Alli.

Ofisi haikubali kwamba imekosea. Ilimtaka alete hati ya kiapo kwamba Ali na Alli ni mtu mmoja. Nilimsindikiza kwa wakili, nikakaa kwenye benchi kando yake. Wakili akavuta karatasi, akamuuliza jina lake linaandikwaje.

“Kawaida tu,” Ali akasema.