Magharibi saa kumi na robo: siku zangu Hamburg na kaburi la Bibi Salme

Nianze na saa, maana baridi niliitegemea, saa sikuitegemea. Nilifika Hamburg, Ujerumani, Alhamisi moja ya mwisho mwisho wa Novemba mwaka jana kumtembelea dadangu, yeye nesi kule, na asubuhi ya kwanza naamka naangalia simu saa moja na nusu, nje giza totoro. Nikarudi kulala. Naamka tena saa mbili ndo kwanza kuna kijimwanga dirishani, rangi yake kama maji ya kuoshea vyombo, na hicho kijimwanga ndo mchana wenyewe jamani, hakikuongezeka tena mpaka jioni. Jioni yenyewe saa kumi na robo jua limeshazama. Kwa anayeswali ni mbio, adhuhuri hujakaa vizuri alasiri hii hapa saa nane, magharibi saa kumi na robo, kabla hujapika chochote ishakuwa isha.

Hapo ndo nikagundua saa yetu ya Kiswahili kule haifanyi kazi. Sisi tunasema saa moja kwa sababu ni saa ya kwanza ya mchana, jua limetoka, kuku wameshashuka zamani. Sasa Hamburg saa moja asubuhi bado ni usiku na saa kumi na moja jioni ni usiku vilevile, unahesabu nini? Dadangu kaacha kabisa, ananiambia "tukutane stesheni saa kumi na sita", nikamwambia dada hiyo saa kwetu haipo, akacheka akasema utazoea mdogo wangu. Sikuzoea.

Baridi yenyewe siyo ile ya sinema, hakuna theluji, usije ukapanga picha za theluji. Ni manyunyu. Manyunyu ya siku nzima yasiyonyesha wala yasiyoacha, na upepo unaovuma kutoka upande wa bahari unakuja na mto Elbe moja kwa moja mpaka ndani ya shingo. Mwavuli hausaidii, nilinunua mmoja Ijumaa, Jumamosi umegeuka bakuli. Wenyeji wana neno lao la hali hii, Schietwetter, yaani hewa ya kinyesi, na wanalisema mbele ya watoto na wakwe bila wasiwasi. Salamu yao nayo fupi kama wanaogopa mdomo usiingie baridi: "Moin". Asubuhi Moin, mchana Moin, usiku wa manane dereva wa basi Moin. Mimi mtu wa Unguja nimezoea kuulizwa habari za nyumbani, za watoto, za tangu jana, na Mungu akajaalia kila moja ikajibiwa, hapa neno moja mmemaliza. Siku ya tatu nikaanza kuona raha yake, sisemi uongo.

Jumamosi dada alikuwa ametoka zamu ya usiku kwa hiyo nikatembea peke yangu. Pale Landungsbrücken, gatini, kuna boti namba 62 ni sehemu ya usafiri wa mji, tiketi yako ya treni inatosha, watu wanalipa pesa nyingi kwa boti za watalii na hii ipo hapohapo inapita katikati ya meli za makontena. Nilikaa ndani kwenye kioo nikala mkate wao wenye samaki wa chumvi ambaye hajapikwa na vitunguu vibichi juu, sitarudia. Kisha nikashuka ile njia ya chini ya mto, ya mwaka 1911, unateremka na lifti kubwa ya zamani mpaka mita 24 chini halafu unatembea kwa miguu mita 426 na meli zinapita juu ya kichwa chako, bure kabisa. Kuta zake zina vigae vyeupe na kuna joto kidogo, nikaenda na kurudi mara mbili, kwa ajili ya joto tu.

Ila kilichonishika siku ile ni maghala. Speicherstadt wanaita, safu za maghala ya matofali mekundu yaliyosimama juu ya mifereji, walianza kuyajenga 1883, na 2015 UNESCO wakayatia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kahawa, mazulia, viungo, vyote vilikaa humo. Kuna makumbusho ya viungo pia. Na mimi nimesimama darajani nalowa najiambia hawa watu wametujua zamani kuliko tunavyofikiri, maana kabla hata ghala la kwanza hapo halijajengwa, tangu 1849, kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na ofisi yake Unguja, wananunua kauri, hizi kauri za kuchezea bao, wanazipakia melini kupeleka Afrika Magharibi ambako zilikuwa pesa. Yaani Mjerumani anaokota pesa pwani yetu anaenda kuzitumia kwingine. Hiyo akili, mtu unashangaa tu.

Na ni biashara hiyohiyo ndo iliyomleta Unguja kijana mmoja wa Hamburg, Heinrich Ruete, akapanga nyumba jirani na binti wa marehemu Sultani Seyyid Said. Sasa hapa ndo nilikuwa nataka kufika.

Binti mwenyewe ndo Bibi Salme, kwetu kila mtu anamjua na kila mtu anamsema kwa sauti ya chini. Shule walitupeleka kwenye jumba la makumbusho pale Forodhani tukaonyeshwa picha yake amevaa barakoa na marinda, mwalimu akaeleza haraka haraka tukahamia chumba kingine. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akimwita "yule alotoroka na Mzungu", basi, jina halitajwi. Alizaliwa 1844 Mtoni. 1866 akapata mimba, akaondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, mwaka uliofuata akabatizwa akaitwa Emily na siku hiyohiyo akaolewa na huyo Ruete, wakaja Hamburg. Njiani mtoto akafa. Wakakaa Uhlenhorst, mtaa mzuri pembeni ya ziwa Alster, nilipita, bata maji wamejikunyata na mimi nimejikunyata. Akazaa watatu haraka haraka, na Agosti 1870 mumewe akaangukia chini ya tramu ya farasi, akafariki. Mtoto wa mwisho alikuwa na miezi minne hivi.

Mie kabla ya kuja nilikuwa nawaza mambo ya mapenzi na dini kama watu wote. Ila nikiwa pale kwenye baridi nikajikuta nawaza Novemba yake ya kwanza, 1867. Alifika kiangazi, kiangazi kule jua halizami mpaka saa nne ya usiku, akadhani ndo mji ulivyo. Halafu Novemba ikaja. Mtu aliyezoea saa moja ni jua, hakuna wa kumwambia kwamba hii inapita. Mimi nilikuwa na dadangu na wasap na bado siku ya pili nililia bafuni bila sababu.

Jumapili tukaenda makaburini Ohlsdorf, na kwa bahati tu kumbe ilikuwa Totensonntag, Jumapili ya wafu, Jumapili ya mwisho kabla ya majuma ya kungojea Krismasi, Waprotestanti wanaenda kuwatembelea marehemu wao. Makaburi yale ni mji. Hekta 389, Mji Mkongwe wetu wote ule ulio kwenye orodha ya UNESCO ni hekta 96, sasa piga hesabu. Mabasi ya mji yanapita ndani na vituo vyake, tumepanda basi makaburini, tumeshuka kituo cha makaburini, na bado tumetembea. Majani yamepukutika yamelowa chini kama zulia la ngozi, watu wazima wamepiga magoti wanafunika makaburi kwa matawi ya misonobari kama mtu anavyomfunika mtoto shuka, wanawasha taa ndogo nyekundu. Hakuna anayelia. Hakuna anayeongea. Nilipenda, nakiri.

Kaburi la akina Ruete unalitafuta kwa herufi na namba kama unavyotafuta kiti cha ndege, na tulipotea mara mbili mpaka mama mmoja akatuona tumeshika simu juu juu akatuelekeza kwa kidole, Moin, akaendelea na matawi yake. Bibi Salme amelala hapo, kwenye kaburi la ukoo wa mumewe. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, na wanasema kwenye vitu vyake walikuta kimfuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, amezunguka nacho miaka yote. Kwenye jiwe kuna maneno ya kumsifu kwa kuipenda kwao. Dadangu anajua Kijerumani akanisomea, halafu tukanyamaza.

Sasa isijekuwa namtakasa. Kwenye kumbukumbu zake alizochapisha 1886 aliutetea utumwa, tena bila aibu, na wengine wetu tunaosoma tunajua mababu zetu walikuwa upande gani wa ule ua. Hamburg walitoa jina lake kwa uwanja mmoja mwaka 2019, haukupita muda wakalifuta kwa sababu hiyo, na mi naona walikuwa sahihi. Uwanja ni kitu kingine. Kaburi ni kaburi. Nilikuwa na karafuu mfukoni, natafunaga kwa ajili ya koo, nikaweka chache juu ya jiwe. Dada akaniuliza utasoma? Nikamwambia we nenda mbele nakuja. Nilichosoma au sikusoma kinabaki pale.

Jumatatu masoko ya Krismasi yakafunguliwa, kumbe wanasubiri hiyo Jumapili ya wafu ipite kwanza ndo washerehekee. Tukaenda mbele ya Rathaus, jumba la serikali ya mji, jioni, jioni yaani saa kumi na moja usiku, taa kila mahali, na jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: soko zima linanuka karafuu. Masufuria makubwa ya mvinyo wa moto unachemka na karafuu na mdalasini, mitaa mitatu kabla hujafika unaisikia. Tukanunua ule wa watoto usio na pombe. Nilifumba macho nikawa sokoni Darajani kwetu mwezi wa kuanika, nikafumbua nikaona mzee amevaa kofia ya manyoya anakula soseji yenye urefu wa mkono. Dada akasema kila mwaka siku hii lazima aje, hata akiwa na zamu.

Jumanne kuondoka. Treni ya S1 inayokwenda uwanja wa ndege inagawanyika Ohlsdorf, palepale kwenye makaburi, mabehewa matatu ya mbele yanaenda uwanjani na ya nyuma yanaenda Poppenbüttel. Dadangu aliniambia usiku, akaniambia asubuhi, akaniambia tena mlangoni: mbele, mdogo wangu, mbele. Nimekaa nyuma. Nimekaa vizuri kabisa, begi miguuni, natazama manyunyu, mpaka Ohlsdorf nikaona watu wote wenye masanduku wanaruka nje wanakimbia. Nikakimbia na mimi, buti zinateleza, begi la kilo 23 linanifuata kama mbuzi wa Idi asiyetaka kwenda, nikajirusha mlango wa mbele ukafunga nyuma ya kisigino changu. Mzee aliyekaa hapo akanitazama akasema Moin.

Simu ikaita. "Umekaa behewa la mbele?"

Nikamwambia ndio dada, tangu nilipopanda.