Baba hali samaki

Tumekulia Mwanza, sato anapitishwa mlangoni kila jioni, lakini kwetu samaki hapikwi. Baba alikuwa koplo wa polisi wakati meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996. Alikuwa kati ya waliopokea miili ikitolewa ziwani, mpaka maziko ya Igoma. Kisha akarudi lindoni. Kazini hakuna aliyekaa naye akamuuliza analalaje.

Sisi tunaijua mikono yake. Ananawa hadi viwikoni kwa sabuni ya mche, ananusa vidole kimoja kimoja, halafu anarudi bombani. Mama humsubiri na taulo, hasemi neno.

Kivuko hapandi. Msiba wa shangazi Sengerema, ng'ambo ya ziwa, alizunguka Shinyanga, Kahama, Geita, akafika tumeshazika. Ndugu walimsema sana, nami nilimsema, Mungu anisamehe. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa 2025 nilimpeleka, akavuka amefumba macho, kanishika mkono kama mtoto.

Kuna miaka alikunywa, akatupigia kelele, tukasema ni ukali wa askari. Kumbe alikuwa mgonjwa, na sisi tulikuwa tunamkimbia.

Juzi usiku mvua ilipiga bati, nikamkuta sebuleni ameketi gizani. Nikakaa chini karibu na miguu yake. Baada ya muda mrefu akasema, "Alikuwepo mtoto ana kiatu kimoja, mwanangu. Cha pili nilikitafuta, sikukiona."