Mzee wa 1994 kaamka

Jamani ile seva ya zamani, Sun SPARCserver 20, leo imewaka!!

Nimeiokoa kwenye vyuma chakavu vya ofisi moja. Betri yake imefungiwa ndani ya chipu ya NVRAM (kumbukumbu inayotunza mipangilio ya mashine), ikifa mashine inasahau saa mpaka adresi yake ya mtandao (Ethernet), ndo maana skrini ikanipa ff:ff:ff tupu.

Kabla ya kuhangaika na hilo nikachomoa diski ya SCSI nikaiunga kwenye PC nifanye bakapu, amri ya kunakili, dd, inavuta na mi nimekaa tu nasikiliza inavyokwaruza, kila ikinyamaza kidogo moyo pah!

Imemaliza bila kosa hata moja aisee 🙌🏾

Sasa wadau, nitafute chipu mpya au niikate hii nichomelee betri ya CR2032 nje? Mngefanyaje?